Wimbo wa Kumzika Baba

Watu wa magazeti hupenda kusikia kwamba serikali ndiyo iliyonifukuza kwetu. Upuuzi mtupu. Nilifukuzwa na baba yangu, na alikuwa na haki.

Yeye ndiye aliyenifundisha obokano, kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, nyuma ya shamba letu la chai karibu na Itumbe. Alianza na nyimbo za harusi na za pombe, mwisho kabisa akanipa wimbo wa mazishi. Mpigaji hukaa kando ya kaburi, akamwita marehemu kwa jina, akataja ukoo wake na ng'ombe wake, kisha akamwambia aende salama. Tulipojifunza tulitaja jina la babu, ambaye alikuwa ameshakufa.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni nilikuwa Nairobi na bendi. Siku tuliyorekodi, mwenye studio akasema upande wa pili wa santuri bado mtupu, nipige kitu cha kwetu. Nilikuwa sijakanyaga nyumbani miaka miwili. Nikapiga ule wa mazishi kwa sababu ni mzuri kuliko zote, na pale pa jina la babu nikaweka la Baba. Nilimkumbuka, basi. Nilidhani namheshimu. Wenzangu hawakujua Kikisii hata neno moja. Walinipigia makofi, na mimi mjinga nikacheka.

Kwetu, kumlilia mtu aliye hai ni kumtakia kifo. Nilijua hilo tangu sijaota meno ya pili, na bado nililisahau kwa dakika zile tatu za santuri.

Redio iliupiga siku ya soko. Baba alikuwa Marani akiuza ndizi. Alisimama mbele ya duka akasikiliza mwanawe akimuaga, watu wote wakimtazama. Alipofika nyumbani, shangazi yangu aliyeolewa Mosocho alikuwa ameshaingia uani na wanawake wenzake, wanaomboleza. Alipomwona kaka yake anakuja na kikapu mkononi, alianguka.

Barua ya kaka yangu ilinikuta Kampala. Iliandikwa: Baba anasema asante kwa mazishi. Anasema usijisumbue kuja tena.

Nikazunguka na bendi miaka sita. Mwanza, Jinja, Kisumu. Mara nne nilifika Kisumu, safari ya asubuhi moja tu kutoka kwetu, na mara nne nikarudi nilikotoka. Nilitaka kumwomba msamaha ana kwa ana, lakini niliuogopa uso wake. Uoga, hauna jina lingine.

Alipokufa nikaenda, na obokano yangu begani. Nilitaka safari hii nimzike inavyotakiwa. Baba mdogo akanisimamisha langoni, kwa upole tu.

"Mwanangu, wewe ulishamuaga. Leo waache wenzako."

Obokano ikabaki langoni, mimi nikaingia, na kwaya ya kanisa ikaimba. Ndugu zangu wakatupa udongo kaburini, mmoja mmoja kwa kufuata kuzaliwa, na walipofika kwangu wakaniruka bila mtu kugeuza shingo.

Jioni Mama aliniletea chai kwenye sinia, kama anavyopelekewa mgeni. Akasimama kando akisubiri nimalize kikombe.

"Utalala," akauliza, "au unarudi leo?"