Makopa Yaliyokosa Moshi

Bei ya katani ilipoanguka, sisi wake wa wapakizi hatukuhitaji kusomewa gazeti ili tujue. Mume wangu alikuwa akipakia marobota ya katani kwenye matishari, mashua za kupelekea mizigo melini, pale gati la Tanga. Tangu anioe alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni, mabega yamechubuka. Sasa akaanza kurudi saa tatu asubuhi, shati kavu. Serahangi, msimamizi wa wapakizi, alikuwa akisimama langoni, anawanyooshea kidole watu wachache, na waliobaki wanaambiwa wajaribu kesho. Wiki moja alipata kazi siku nne, wiki iliyofuata siku moja. Kwenye mashamba ya mkonge nako watu walikuwa wakipunguzwa, na habari zilizovuka mpaka kutoka Kenya zilikuwa za kutisha, kila msafiri na yake. Hakuna aliyeweza kutuambia hali ile ingekwisha lini.

Tulikaa Chumbageni, nyumba ya kupanga. Tulikuwa wanne: mimi, yeye, binti yetu wa miaka mitano na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa.

Baada ya Idd Kubwa mama mkwe wangu akaja kutoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanywa maji, na kabla hajakaa vizuri akasema alichokuja kusema. Watoto waende naye Bweni. Kule kuna samaki, kuna minazi, kuna muhogo shambani. Hapa mjini kila kinachoingia mdomoni kinanunuliwa. Sisi wawili tubaki tukihangaika mpaka kazi itengemae. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amelea wajukuu wengine watatu kwa namna hiyo, na kwetu pwani mtoto kulelewa na bibi yake si jambo la ajabu.

Lakini mimi mwenyewe nilipelekwa kwa bibi nikiwa na miaka minne, mwaka wa njaa, kwa muda mfupi tu, walisema. Nilirudi kwa mama yangu, kijijini Moa, nikiwa na miaka kumi na moja, na nikamwamkia kama mtu anavyomwamkia mgeni. Bibi yangu alinipenda sana, sina la kumlaumu. Ila ile miaka mimi na mama hatukuipata tena, na wanangu sikutaka wapotelewe na yao.

"Mama, nakuomba unipe muda," nikasema.

"Muda hauliwi, mwanangu."

"Nipe mpaka Mfungo Sita. Ukija kwenye Maulidi ukakuta jikoni kwangu hakuna chakula cha kutufikisha Rajabu, nguo za watoto nitazifunga mwenyewe."

Mume wangu alikuwa anatazama makubazi yake. Mama mkwe akacheka kwa pua, akamwambia mwanawe kwamba ameoa mtu wa Moa, na watu wa Moa hawajapata kushindwa maneno. Vitendo ndivyo havijulikani. Akakubali, akaondoka.

Nilikuwa na miezi mitatu. Nieleze hapa nilivyofikiri, maana mpaka leo wanawake vijana huniuliza. Mtu akisikia neno kujiwekea akiba, huona magunia dukani, akakata tamaa kwa sababu hana cha kuyanunulia. Mimi nilianza kwa kukaa chini na kujiuliza: siku mume wangu akikosa kazi wiki nzima, kitu gani kitaniishia kwanza? Jibu lilikuwa unga. Chumvi ingekaa, mafuta ya taa tungeyabana, lakini bila unga watoto wangelala na njaa siku ya tatu. Basi nikaanza na unga. Ukishakijua kinachotangulia kuisha, nusu ya hofu inaondoka, kwa sababu sasa unahangaika na kitu kimoja badala ya dunia nzima.

Kila nilipopima unga au mchele wa kupika, nilichukua konzi moja na kuirudisha kwenye chungu cha pembeni. Mlo haukuonyesha tofauti. Siku kumi baadaye chungu kile kilikuwa na mlo mzima. Kisha nikapanda lori kwenda Moa, kwa mama yangu, ambaye shamba lake la muhogo lilikuwa limekomaa na jua la kiangazi lilikuwa kali. Tuling'oa, tukamenya, tukapasua, tukaanika juu ya majamvi siku nyingi mpaka kila kipande kikagongana na mwenziwe kwa sauti ya mti mkavu. Hayo ndiyo makopa. Ukiyatwanga na kuyachekecha unapata unga wa bada, ugali wetu wa muhogo, na kwa mchuzi wa papa mkavu hakuna mtoto wa Tanga anayeukataa. Nilirudi Chumbageni na vikapu vinne vikubwa.

Jikoni kwa mama yangu makopa hukaa kwenye uchaga, kitanda cha miti kilichofungwa juu ya mafiga. Nilizaliwa nikauona, na bibi yangu alikuwa na wake. Basi nami nikamwomba mume wangu anifungie uchaga, kimo kile kile, juu ya pale ninapopikia. Nikapanga makopa, nikafunika kwa jamvi, nikasimama chini nikiutazama kwa fahari.

Mfungo Tano ulipoingia, nilikuwa nakoroga uji nikaona unga mweupe unadondoka ndani ya sufuria kutoka juu. Kidogo, kama mtu anayechekecha. Nikapanda kwenye kigoda, nikashika kipande cha kwanza, kikavunjika mkononi kama mkate. Fukusi, wadudu wa nafaka, walikuwa wametoboa makopa ya kujaza vikapu viwili na walikuwa wanaingia kwenye ya kikapu cha tatu.

Nilikaa sakafuni. Jirani yangu akaja kuazima kinu akanikuta pale. Huyu alikuwa Mshambaa kutoka milima ya Usambara, Mlutheri, ambaye mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge hadi alipopunguzwa. Nikamwonyesha, nikamweleza kwamba nimefanya kila kitu kama nyumbani. Akatazama juu, akatazama chini, akauliza moshi uko wapi.

Sikumwelewa. Akaonyesha seredani yangu, jiko la mkaa.

"Shoga, umejenga nyumba ya wadudu, tena umewawekea na moto wa kuwapa joto. Huku chini hapatoki moshi hata wa kumliza paka."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Jikoni kwa mama kulichomwa kuni na makumbi ya nazi, na moshi ule uliotutoa machozi ndio uliokuwa ukilinda chakula. Mimi nilipoolewa mjini nilifurahi mno kuachana nao. Nilipika kwa mkaa, kanga zangu zikanukia udi siku za harusi za watu, na nikiwaona wageni wa shamba wananuka moshi niliwacheka chini chini. Nikaubeba uchaga kutoka Moa na kuuacha nyuma moshi wake. Nimeona watu wengi wakikosea hivyo tangu wakati ule: wanachukua umbo la jambo walilofundishwa bila kuuliza ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi.

Wiki tano zilikuwa zimebaki. Sikulia zaidi ya asubuhi ile. Siku ile ile mimi na jirani tulimwaga kila kitu juani, tukachambua. Vipande vizima tulivitenga. Vilivyotobolewa kidogo tulivitwanga palepale, tukachekecha mara mbili, na unga huo ndio tulioula kwanza. Vilivyogeuka vumbi kabisa walikula kuku wa jirani. Aliniambia kwao maharage huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa, konzi moja ya majivu kwa konzi kadhaa za maharage, yakafungwa chunguni. Mdudu hawezi kupumua humo. Alikuwa na maharage aliyoletewa na ndugu zake wa Lushoto, lakini unga hana. Tukakubaliana tangu siku ile kwamba makopa yangu na maharage yake yatakuwa akiba ya nyumba mbili.

Mume wangu, siku alizorudi saa tatu, alikuwa na saa nyingi za kukaa barazani akitafuna kucha. Nikampa kazi. Mwenye nyumba alituruhusu kujenga kibanda uani, mbali na ukuta, na mume wangu akakijenga kwa fito na makuti, akaweka mafiga matatu na uchaga wa pili juu yake. Kazi ile ilimfaa kuliko maneno yangu yote ya kumtuliza. Wapakizi wenzake walipita wakamtania kwamba amehamia shamba bila kuondoka mjini. Alicheka, akawaomba wamletee makumbi.

Mimi nikarudi Moa. Nilimweleza mama yangu yote, na nilitegemea anikaripie. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Kumbe huko mjini mnakula na kuvaa, lakini moshi hamna," akasema. "Basi tung'oe mingine, mwanangu. Jua bado lipo."

Tulifanya kazi siku tisa. Sidhani kama mimi na mama tulikuwa tumewahi kukaa pamoja hivyo, magoti yakigusana, kisu changu na chake. Alisema mambo machache, na moja lilikuwa kwamba mwaka ule alionipeleka kwa bibi alikuwa hana hata mzizi mmoja wa muhogo. Kisha akachukua muhogo mwingine, akaumenya.

Mama mkwe alifika siku mbili kabla ya Maulidi. Hakukaa barazani. Alipita moja kwa moja hadi uani, akaingia kibandani, akakohoa, akapanda kwenye kigoda mwenyewe. Nilisikia makopa yakigongana. Akashuka, akafungua vyungu, akaonja chumvi, akanusa papa, akatazama mitungi ya maji. Kisha akakaa, akahesabu kwa vidole milo ya watu wanne, akatikisa kichwa.

"Haifiki Rajabu. Inaishia Mfungo Tisa, tena mkibana."

Alikuwa sahihi. Na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo hiyo. Nikamwita jirani, akaja na chungu chake cha maharage, nikamweleza mapatano yetu: wiki hii nyumba hii inatoa unga na ile inatoa mboga, tunapika chungu kimoja, tunaokoa kuni. Kwa hesabu hiyo tungefika Rajabu, na zingebaki siku chache za ziada.

Mama mkwe akamtazama yule mwanamke wa mlimani, kisha akanigeukia mimi.

"Na huyu akirudi kwao kesho?"

Swali lile lilikuwa la haki. Mumewe alikuwa hana kazi. Wangeweza kuondoka siku yoyote. Nikamjibu ukweli. "Akiondoka, atakwenda na fungu lake la makopa na ufundi wa kuyakausha. Mimi nitabaki na fungu langu la maharage na ufundi wa majivu. Nitapungukiwa, mama, na nitatafuta. Nitatafuta watoto wakiwa hapa."

Machozi yalimtoka, ya moshi au ya kitu kingine sijui. Kisha akamwuliza jirani kama majivu hayo yanafaa kwa kunde, kwa sababu kunde zake za Bweni hutobolewa kila mwaka. Jirani akasema yanafaa, ila lazima yapoe na yachekechwe. Wakaanza kuchekecha, na mimi nikajua nimepewa wanangu.

Hayo hayakumaliza shida. Kazi ya gatini iliendelea kuja na kuondoka mpaka mwaka uliofuata, na tulikula bada mpaka mume wangu akaanza kuiita mke wa pili. Lakini tuliila sote wanne kwenye sinia moja.

Mama mkwe alikaa nasi mpaka Maulidi yakasomwa. Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza kwenye lori la Pangani. Siku zote tatu alikuwa akiwasimulia wajukuu zake juu ya pantoni linavyobeba magari na watu kuvuka mto, na viboko wanavyochungulia majini. Lori lilipotiwa moto, binti yangu akamng'ang'ania bibi yake kanga, analia anataka kwenda Bweni, na mdogo wake akaunga kilio bila kujua kinahusu nini. Bibi akanitazama kutoka juu, anacheka mpaka mwili unatikisika. Ilibidi niwabandue mmoja mmoja, nikiwaahidi kwamba watakwenda kutembea, siku saba, kisha warudi. Nilirudia siku saba mara nyingi njia nzima, binti yangu akihesabu vidole vyake ahakikishe vinatosha.