Samaki Wagomvi wa Fundi Vioo

Fundi vioo alikuwa mpole kiasi kwamba majirani walishangaa kwa nini anafuga samaki wagomvi. Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vilivyobaki kwenye kazi za watu, akaliweka sebuleni, mahali ambapo mkewe alipanga kuweka kabati la vyombo. Kwa miaka mingi walizozana kuhusu kabati hilo, huku wakicheka.

Ndani ya tangi aliishi Mkorofi, samaki dume mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, mpana kama kiganja. Karibu kila mwenzake aliyetiwa humo alimuua.

"Ukitaka kumtia mgeni, kwanza hamisha mawe yote," fundi aliwaeleza waliokuja kutazama. "Mwenyeji akiona kwake kumevurugika, anasahau kujifanya mwenye mtaa."

Hata hivyo, jike ambaye fundi alimpenda kuliko wote, Bibie, hakumfanyia majaribio. Alimtenga kwa kioo katikati ya tangi. Wakawa wanaonana, hawagusani.

"Ndoa gani hiyo?" mkewe, aliyekuwa akishona mapazia palepale sebuleni, alimtania.

"Ndoa ya amani, mama watoto."

Maradhi ya fundi yalianzia kazini. Alipima dirisha, akakata kioo, kikapwaya. Akakata kingine, kikagoma kuingia. Siku nyingine muuza magazeti alimrudisha nyumbani baada ya kumkuta akigonga lango la watu, akidai ni kwake. Daktari aliwaambia taratibu kwamba kumbukumbu zake zingeendelea kupotea, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Akaacha kazi. Kutwa nzima akawa anakaa mbele ya tangi, na mkewe akashukuru kwamba angalau kuna kitu kinachomtuliza.

Alasiri moja mkewe alitoka kumpelekea mteja mapazia. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama, mikono ya shati inachuruzika maji, kile kioo cha katikati kimeegemezwa ukutani. Bibie alikuwa akielea kwenye kona, mapezi yamechanika, jicho moja halipo.

"Nani kafanya hivi?" fundi aliuliza.

"Ni wewe, baba. Umetoa kioo."

"Mimi? Mimi niwakutanishe hawa?" Akakaa sakafuni, akalia kama mtoto.

Kesho yake aliamka akaenda moja kwa moja kwenye tangi. "Mama watoto, mbona simwoni Bibie?" Mkewe akamweleza. Akalia upya, kama ndiyo kwanza habari inamfikia. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka binti yao alipokuja kuwatembelea, akashuhudia.

"Mama, usimwambie tena. Kila siku anafiwa upya."

"Nimdanganye baba yako? Tangu anioe sijawahi."

Binti alizunguka kwa wauza samaki hadi akapata jike aliyefanana na Bibie. Wakahamisha mawe yote, wakarudisha kioo, wakamtia. Fundi aliinama, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu siye. Bibie alikuwa na kovu juu ya mdomo." Kisha akamgeukia mkewe, kwa ile adabu aliyokuwa nayo kwa wateja. "Samahani, dada. Mama watoto yuko wapi? Yeye anawajua samaki wangu, atakwambia."

Binti akaziba mdomo kwa mkono.

"Ametoka kidogo," mkewe alisema. "Anarudi sasa hivi."

Akaingia jikoni, akafungua bomba ili kilio chake kisisikike. Alipokwisha kujifuta uso, alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi mbele.

"Ah, umerudi!" fundi alisema, uso ukimng'aa. "Hebu njoo uone walivyonibadilishia samaki."

Kuzunguka nyumba kukawa ndiyo kazi ya mkewe kwa miezi mingi, pengine mara kadhaa kwa siku, hata mvua ikinyesha. Aghalabu kulisaidia. Kisha asubuhi moja alibisha hodi, akaingia akitabasamu, na fundi akanyanyuka kwenye kiti chake, akamvutia kingine.

"Karibu, dada," alisema. "Keti umsubiri. Mke wangu ametoka kidogo."

Akaketi. Wakamsubiri wote wawili.