Waziri Aliyeondoka Sahani Hazijakaushwa

Verna Paslowski alikuwa dereva wa basi la shule hapa kwetu Saskatchewan, Kanada, kabla hajawa mbunge, na mimi, Doreen, ndiye niliyempigia kampeni miaka yote. Kampeni gani? Kukausha sahani! Kila vuli kanisa letu hupika bata mzinga na viazi vya kuponda, watu mia tatu wanakula kwa zamu, na anayetaka kura anavua koti, anashika kitambaa, anaingia jikoni. Hotuba hatutaki. Verna alikausha chaguzi tatu, akashinda zote tatu.

Basi huko Ottawa, mji mkuu, wakampa uwaziri. Wa nini? Wa uvuvi! Jamani, bahari iko mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na Verna hata samaki hali. Lakini tulijivuna, tukabandika ukumbini picha yake akiwa ameshika kambakoche kwa woga.

Vuli ya uchaguzi wa nne alikuja na wasaidizi wawili wa suti. Akala, akasifu mchuzi, akatazama saa.

"Doreen, shoga yangu, ndege inanisubiri. Niagie huko jikoni."

"Verna, ingia japo sahani kumi tu."

"Nina mkutano wa samaki kesho asubuhi!"

"Hao samaki wanapiga kura?"

Akacheka, akanibusu, akaenda zake.

Bibi Irene, mkuu wa jikoni, alimtupia kitambaa Dale, muuza matrekta aliyekuwa akishindana na Verna, mtu asiye na neno la maana kichwani. Dale alikausha mpaka sufuria ya mwisho. Mimi nilikuwa nasuuza kando yake, nimechoka, nimeudhika, vidole vimekunjamana kwa maji ya moto.

Verna akashindwa kwa kura sitini na mbili. Kesho yake alikuja kwangu, macho mekundu, anatafuta mchawi: mara kodi ya mafuta, mara magazeti, mara Waziri Mkuu. Nikammiminia kahawa. Nilimwonea huruma, haki ya Mungu.

"Watu hawana shukrani," akasema. "Afadhali wewe, Doreen, hukunitupa."

"Mimi nikutupe? Thubutu!" nikasema, nikageukia friji kutafuta maziwa.

Dale ni mjinga. Nilijua hivyo hata nilipokuwa natia alama kwenye jina lake.