Baba wa Kupokezana

Kuna Jumapili moja ya ujana wangu ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, maana vijana wote wa kanisani nawaita wanangu, na nitakusimulia hata kama umeshika funguo za gari mkononi. Keti. Juzi baada ya Misa yetu ya Kiswahili hapa Texas ulinieleza, tena ukicheka, kwamba ume-block namba ya dada yako na sasa umepata amani. Amani gani hiyo? Nilitaka kukujibu palepale, lakini mama mmoja alikuwa ameniletea mandazi, na mzee hawezi kukasirika vizuri mdomo ukiwa umejaa. Leo mdomo hauna kitu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu karibuni, injinia wa maji, kijana wa kupanga kalamu mfukoni ili watu wazione. Nyumbani kwetu Kinangop tulikuwa tukivuta maji kutoka chemchemi ya mlimani, na mimi na kaka yangu Petro tukakosana juu ya mahali pa kuweka bomba. Mimi nililitaka chini karibu na nyumba, ambako maji yangefika yenyewe bila kusukumwa. Petro, aliyekuwa akichunga ng'ombe wetu, alilitaka karibu na zizi. Hilo ni jambo la kumalizwa kwa kikombe cha chai. Sisi tuliligeuza vita. Tukafika mahali pa kutumiana salamu kupitia kwa mama, ilhali tunalala nyumba moja.

Baba yetu hakusema neno. Alikuwa mkulima wa viazi na mtu wa rozari, na sikuwahi kumwona akikosa kupokea Komunyo. Basi Jumapili hiyo watu wakapanga mstari kwenda altareni, na baba akabaki kwenye benchi amepiga magoti. Kanisa zima likageuza shingo. Unajua vile watu walivyo: mzee akibaki benchini, kila mtu anaanza kumtafutia dhambi. Jumapili iliyofuata akabaki tena. Mama alikuwa anataka ardhi immeze. Tukitoka nje nikamuuliza baba kama anaumwa, Petro akiwa nyuma yetu akisikiliza.

"Nimpokee Bwana kwa koo gani," baba akasema, "nanyi wawili mmenikwama hapa kama mifupa?"

Akaenda zake. Wiki hiyohiyo tulifunga bomba katikati, mahali ambapo hapakumfaa Petro wala mimi, na linatoa maji mpaka leo.

Nikadhani somo hilo nimehitimu. Nikaenda kulaza mabomba ya serikali huku na huku, nikamwoa Perpetua, na kila likizo nilirudi shambani kupanda viazi na kabeji. Mungu akatupa wavulana wawili, Bonifasi na mdogo wake Kizito, tukawalea kwa mikono miwili. Wote walikuwa watumishi wa altareni. Jumamosi niliwasikia nyuma ya nyumba wakiicheza Misa, Bonifasi akiwa padre, Kizito akiwa waumini wote. Walikuwa watu wa kulala kitanda kimoja hata kulipokuwa na vitanda viwili.

Kisha wakaja huku Texas, Bonifasi Grand Prairie kule Dallas, Kizito Stafford kule Houston. Kisha Perpetua akafariki.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wewe na dada yako mlipo. Karatasi za Kizito za kukaa huku Marekani zilikuwa hazijatoka, kwa hiyo hakuweza kurudi Kinangop kumzika mama yake. Bonifasi alikuja. Wakakubaliana kwamba Bonifasi atamshikia simu ili aone kila kitu, na kweli aliona Misa yote, akaona jeneza likibebwa kupita kwenye kabeji za mama yake. Walipoanza kuliteremsha, simu ikakatika. Kizito hakuona mama yake akiingia kaburini. Alipopiga baadaye, Bonifasi alimwambia chaji iliisha. Kizito hakumwamini, akasema kaka amemfungia mlango kwa makusudi, na Bonifasi naye akaudhika kwa kuitwa mwongo. Basi. Hapo ndipo maneno yalipokoma.

Walipofanikiwa kunileta huku nikae nao, hawakuwa wakisemeshana hata kwa meseji. Unajua walinigawanaje? Miezi kadhaa kwa huyu, miezi kadhaa kwa yule, na kunikabidhi kulifanyika kwenye kituo cha mafuta katikati ya njia ya Dallas na Houston. Ndiyo, kama mtoto ambaye wazazi wake wameachana! Bonifasi alikuwa anaegesha kwenye pampu, Kizito anaegesha upande wa pili karibu na mlango wa duka. Hakuna aliyeshuka. Mimi na umri huu nilikuwa navuka uwanja ule na begi langu na ndoo ya miche ya managu, mboga zetu za kienyeji, kwa maana kila nyumba nimeilimia bustani nyuma. Nikifika tu, gari linang'oka. Rozari yangu nilikuwa naianzia kwenye gari moja na kuimalizia kwenye lingine. Nilikuwa nimechoshwa na hao watu, mwanangu, nakuambia wazi. Nilishawasihi, nilishawagombeza, nilishamtuma padre. Walikuwa wanajibu "Sawa, Dad" kwa adabu kubwa, kisha hakuna kitu.

Kiangazi kilichopita tulifika pale saa za mchana, lami inachemka. Nikashuka kwa Bonifasi, nikaanza kuvuka. Katikati kulikuwa na benchi kando ya majokofu ya barafu. Nikalitazama benchi lile, nikamkumbuka baba yangu amepiga magoti. Nikaketi.

Bonifasi akateremsha kioo. "Dad, si uende? Kizito anakungoja."

"Mwambie mwenyewe."

"Dad, please. It's too hot."

Kizito naye akapaza sauti kutoka kwake. "Dad, uko sawa? Umeishiwa na nguvu?"

"Nguvu ninazo," nikamjibu. "Ninachokosa ni watoto."

Nikawaambia siendi Dallas wala Houston, wanikabidhi kwa mwenye duka. Hapo wakashuka wote wawili, wakasimama mmoja kila upande wangu, na bado walikuwa wanapitisha maneno kwangu. "Dad, mwambie alete begi." "Dad, muulize dawa za pressure ziko wapi." Watu wazima wenye ndevu! Sijui ni hasira au ni nini kilichoniinua kutoka kwenye benchi lile, lakini nilisimama, nikanyoosha mikono, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya padre wetu wa zamani kule Kinangop katikati ya Misa.

"Amani ya Bwana iwe daima nanyi!"

"Na iwe rohoni mwako," wakajibu, kwa pamoja, papo hapo.

Midomo ilikuwa imejibu kabla mioyo haijapata nafasi ya kukataa. Wakatazamana, mara ya kwanza tangu tuzike. Mtu mmoja aliyekuwa akijaza mafuta gari lake kubwa alivua kofia, nadhani alifikiri ni ibada.

"Basi mpeane amani," nikasema. "Mimi sitoki hapa."

Kizito hakutoa mkono. Alimtazama kaka yake, akamuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba miaka yote hiyo. "Boni, just tell me. Ulizima simu kwa nini? Mum akiingia chini. Kwa nini pale?"

"Battery ili..." Bonifasi akaanza, akaacha. Akajifuta uso kwa mkono. "Haikuwa battery. Nilikuwa nalia, Kizi. Nilikuwa nalia vibaya sana na hiyo camera ilikuwa inaniangalia. Wewe ulikuwa huku peke yako. Nilisema ukiniona hivyo utavunjika, na hakuna mtu wa kukushika. So nikaiweka mfukoni."

Kizito akasema, polepole, "Nilikuwa na-cry pia. Kwa parking ya job, ndani ya gari. I didn't even need to see the grave, Boni. Nilitaka kukuona wewe."

Ungewaona walivyokumbatiana, mwanangu, ungefikiri wanapigana. Nami nililia, siwezi kukudanganya, lakini kilichonijaa zaidi kilikuwa hasira. Miaka yote hiyo! Miaka ya mimi kuvuka lami na ndoo, kumbe kila mmoja alikuwa na machozi yaleyale, na swali moja lingeyamaliza yote kwenye simu siku ileile. Nilitamani kuwachapa wote wawili palepale. Badala yake tuliingia dukani tukala mkate wa nyama usio na ladha, wao wakikumbushana habari za mama yao, na miche yangu ya managu ikakauka nje juani.

Sasa nakupa neno langu, na silizungushi. Ulichopata kwa kufunga namba ya dada yako ni kimya tu, usikiite amani. Mtu wa damu yako akikuumiza, muulize. Muulize kwa mdomo wako, "Kwa nini ulinifanyia vile?", kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Huenda jibu likakuuma, na hapo utakuwa na haki ya kukasirika. Ila usikasirikie jibu ulilojitungia mwenyewe. Wala usiwangojee wazazi wako wazeeke mpaka wakae kwenye benchi la kituo cha mafuta ndipo uongee.

Mungu aliyenivusha mito ya kazi na barabara hizi ndefu akuvushe na wewe. Akupe kazi isiyokunyima Jumapili, na nyumba ambayo dada yako ataingia bila kupiga hodi. Mama Maria akufunike, na siku ya kunizika mimi, mshikane mikono nyote, simu zikiwa mfukoni.

Haya. Nipe hizo funguo nikushikie, wewe toa simu.