Pingili Mbili za Cheni ya Mama

Cheni ya baiskeli ikiruka jino hutoa mlio mfupi, kra!, kama mtu anayetafuna mfupa. Hata leo nikiusikia, mimi hugeuka kumtafuta mwenye baiskeli. Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikata cheni ya baiskeli ya mama yangu kwa msumari na jiwe, na kesho yake asubuhi aliipanda akashika njia ya Mikumi, kuelekea mahali ambapo msimu ule tembo walikuwa wakivuka barabara mchana kweupe.

Sikuikata kwa ubaya. Mnisikilize kwanza.

Tulikaa Mabwerebwere, Kilosa mjini. Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, akipita vijijini kupima watoto uzito na kuwapa matone ya chanjo. Mradi fulani ulimpa baiskeli ya gia, nyekundu, yenye matairi ya vinundu. Wanaume wa kwetu walipanda baiskeli nzito zisizo na gia, za kubebea magunia. Mwanamke aliyefunga kanga juu ya suruali, anayebadilisha gia kwa kidole gumba, alikatisha mazungumzo ya kijiwe kizima.

"Mama Rehema, leo umeweka gia ya ngapi?"

"Ya kuwaacha nyuma," alikuwa akijibu, bila kusimama.

Rehema ndiye mimi.

Mwaka wa pili cheni ikaanza kuruka. Gia ya mbele ilikuwa imekwama kwenye duara kubwa na haikubanduka tena. Za nyuma zilibadilika, lakini mama akikanyaga kwa nguvu, kra!, pedeli inamponyoka na kumgonga ugoko. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anajikanda uvimbe kwa maji ya chumvi, amefumba macho. Akasema ataipeleka kwa fundi akipata nafasi. Nafasi hakuwa nayo.

Mimi nilikuwa nayo. Kila nikitumwa sokoni nilisimama kwa Fundi Kulwa, kijana aliyetengeneza baiskeli karibu na reli, nikatazama mikono yake. Dawa yake ya cheni iliyolegea niliijua kwa moyo: toa pingili mbili, unga, imekwisha. Na cheni ya mama ilining'inia, kila mtu aliona. Basi Ijumaa mchana, mama alipokwenda msibani kwa jirani, niliilaza baiskeli uani, nikagonga pini, nikatoa pingili mbili, nikaunga. Nilijipiga vidole mara mbili. Nilipozungusha pedeli kwa mkono, cheni ilikaza kama kamba ya kuanikia nguo, haikuruka hata mara moja. Sikumwambia mtu. Nilitaka agundue mwenyewe njiani, afurahi.

Jumamosi saa mbili aliondoka. Vumbi lake halijatua, bibi, aliyekaa nasi, akanituma nyanya sokoni, nami nikapitia kwa Kulwa kujisifu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo umekuja kuniibia ujuzi gani?"

"Nimeshaiba. Nimekata cheni ya mama, pingili mbili."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Ile ya gia?"

"Ndiyo. Ilikuwa inaruka."

"Inaruka kwa sababu meno yamelika, we mtoto! Ile cheni inaachwa ndefu makusudi. Kuna kamkono ka chuma nyuma kanakoivuta. Mbele kumekwama kubwa. Akifika mlimani akaweka na nyuma kubwa, cheni haitoshi. Inang'oa kamkono kote." Akasimama na spana mkononi. "Mama yako kaenda wapi?"

Nilimwambia. Aliangalia upande wa Mikumi, akaanza kutia vyuma vyake kwenye mfuko.

"Panda keria."

"Bibi anasubiri nyanya."

"Zitamsubiri."

Sijawahi kuogopa vile. Kulwa alikanyaga akiwa amesimama juu ya pedeli. Nilimshika shati, nikachungulia barabara chini ya kwapa lake. Ilikuwa ya vumbi bado, na juu ya vumbi lile alama ya tairi la mama ilijitofautisha na nyingine zote: safu mbili za vinundu, kama mtu aliyebonyeza punje za mahindi kwenye unga. Ilinyooka vizuri. Nikaifuata kwa macho kama ninavyofuata kidole kitabuni.

Tulipofika kwenye kilima baada ya mashamba ya mwisho, alama ilianza kuyumba huku na huku, kama anavyoyumba mtu anayekanyaga gia nzito. Kisha ikakatika kwenye mkwaruzo mrefu. Baada ya mkwaruzo, alama ilikuwa moja iliyonyooka, na pembeni yake nyayo za ndala. Alikuwa anaikokota.

"Yuko hai," nilisema.

"Kimya," alisema Kulwa.

Alikuwa ameona kabla yangu. Juu ya vinundu vya tairi, juu ya nyayo za ndala, vilikuwa vimekaa viduara vipana kama masinia. Havikuwa chini ya alama za mama. Vilikuwa juu yake. Tembo walikuwa wamepita baada yake.

Hatua hamsini mbele baiskeli ililala kwenye majani, sanduku la matone bado limefungwa kwenye keria. Mama hakuwepo. Nilifungua mdomo nipige kelele, na hapo sauti ikatoka chini ya miguu yetu.

"Shukeni huku. Polepole."

Alikuwa ndani ya kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Tuliingia kwa magoti. Palinuka tope na popo. Sikujua la kumwambia, kwa hiyo nikasema nililofundishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alinong'ona. "Funga mdomo."

Kwenye mahindi ng'ambo ya mfereji mabua yalikuwa yakivunjika, moja moja, bila haraka. Nilisikia pia tumbo la mnyama, mngurumo ulioingia kwenye zege na kunipanda mgongoni. Mama alinibana kifuani. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko wangu, na hilo lilinitisha kuliko tembo wenyewe. Nilidhani watu wazima hawaogopi.

Sijui tulikaa muda gani. Mabua yaliponyamaza, Kulwa alitoka kwanza, akatuita. Mama aliinua baiskeli. Kale kamkono ka chuma kalikuwa kamejikunja ndani ya spoku kama buibui aliyekanyagwa.

"Fundi, kitu gani kinavunja chuma hivi?"

Nilitazama ndala zangu.

"Vyuma vya siku hizi, mama," alisema Kulwa. "Havina dini."

Alikang'oa, akanyoosha spoku kwa vidole, akakata cheni na kuifunga kwenye duara moja la nyuma, la katikati, kama baiskeli ya magunia. Nilidhani tungerudi wote nyumbani. Mama alijifunga upya kanga, akatazama jua.

"Wenye watoto wananisubiri," alisema, akapanda, akaenda zake, Kulwa akimsindikiza kwa macho mpaka kilima kilipommeza.

Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa nimenusurika. Bibi alinichapa kwa sababu ya nyanya, siyo kwa sababu ya cheni, na Kulwa hakunitaja hadi alipohama. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa na mwanangu anayenificha jambo lake dogo, nilipoiona siku ile kwa macho ya mama. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna aliyempita, hakuna aliyetuletea habari kwamba amekwama. Hata hivyo fundi alitokea na vyuma vyake, na nyuma yake amepakia mtoto aliyetumwa nyanya.

Mama bado yuko Mabwerebwere, akili zake timamu, na kila mgeni humsimulia habari za tembo wa kalavati. Hajawahi kuniuliza tulijuaje.