Barua ya Umeme ya Mama wa Uvira

Mwisho wa mwaka 2017 mvua iligoma kunyesha Arlington, Texas. Nyasi za mbele ya fleti zetu zilikauka mpaka zikawa zinalia chini ya viatu, na vumbi lilikaa wiki nyingi kwenye kioo cha gari. Wenyeji hawakujali. Mimi nilijali, kwa sababu nimekulia Iringa, na kwetu mvua ikikosekana kila mtu anajua kinachofuata. Bwawa la Mtera, lenye mitambo ya umeme, linashuka, redio inatangaza mgao wa umeme, na mama anavuta chemli kutoka chini ya kitanda.

Nilikuwa dereva wa kusambaza vipuri kwenye gereji za Mansfield, na siku nyingine hadi Plano. Kazi ya barabarani inampa mtu kama mimi nafasi ya kuwaza kwao mchana kutwa. Nimehamahama sana, na kila mji nilioingia nilitafuta kitu kinachofanana na nyumbani. Nikikipata, nakishika kwa mikono miwili. Njiani kurudi kutoka Mansfield kuna ziwa. Nikaanza kusimama pale jioni. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yameacha mawe, makopo ya bia, na boya moja limelala ubavu kwenye tope. Nilipoliona lile boya nikasema moyoni, mgao unakuja. Umeme utapanda bei, na mwenye hisa za kampuni za umeme atacheka.

Nilikuwa na akiba ya tiketi ya kwenda nyumbani. Niliiweka yote kwenye hisa za kampuni mbili za umeme, kwa simu, gari likiwa limeegeshwa palepale ziwani. Nina elimu ya kidato cha nne na Kiingereza cha kutosha kusoma taarifa za kampuni kama ningetaka. Sikusoma hata moja. Nilisoma ziwa.

Kwenye fleti ya chini yangu aliishi mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Texas. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Aliniita mwanangu, ingawa nilikuwa nimeshatimiza arobaini. Kiingereza kilimshinda, kwa hiyo barua zake zote nilimsomea mimi. Jumapili akitoka kanisani alileta sombe, kisamvu cha kwao, na ugali, nikala, kisha nikasoma barua za wiki ile. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno; ilitokea tu ikawa hivyo.

Mwezi wa kumi alikuwa amenipa barua ya kampuni yake ya umeme. Siku hiyo nilikuwa na haraka, viatu viko miguuni tayari. Nikaona juu ya ukurasa picha ya familia inayocheka, nikamwambia, "Tangazo tu hili, Mama," nikaitia mfukoni ili nikaitupe. Sikuitupa. Iliishia ndani ya gari langu, katikati ya risiti za mafuta.

Januari baridi ikaja ya kweli. Kila nyumba iliwasha hita, bei ya umeme ikapanda, na hisa zangu zikapanda. Kila asubuhi nilifungua simu kabla ya kunawa uso, nikaziangalia, nikafurahi. Jumamosi moja nikawaalika rafiki zangu kula nyama choma, nalipa mimi. Mmoja wao alikuwa Mkenya aliyefanya kazi katika ofisi ya kampuni moja ya umeme huko Plano.

"Wewe mtu wa Bongo," akasema, "ulijuaje?"

"Ziwa limekauka."

"Ziwa gani?"

Nikamweleza habari za ziwa na boya. Akaweka mfupa chini taratibu.

"Buda, hiyo lake ni ya kuvua samaki. Hakuna umeme inatoka hapo. Huku ni gesi, makaa na upepo. Yaani ume-invest pesa yako yote ukiangalia boya?"

Meza nzima ilicheka, nami nikacheka nao. "Lakini imepanda," nikasema.

"Imepanda juu ya baridi. Na hiyo faida unaona, kuna watu wanaileta. Mtu mkataba wake unaisha, anatumiwa barua achague bei mpya, hasomi. Basi anawekwa kwa bei ya mwezi kwa mwezi, na hiyo haina huruma. Hao ndio wanatununulia hii nyama."

Akachukua mfupa wake akaendelea kula. Mimi nilitoka kama naenda kuongea na simu, nikafungua gari, nikaitafuta ile barua. Ukurasa wa pili ulieleza kila kitu. Mkataba wa mama ulikwisha mwezi wa kumi na moja. Nikaangalia jina la kampuni, ambalo nilikuwa sijaliangalia mara ya kwanza. Ilikuwa moja ya zile mbili nilizonunua hisa zake.

Kesho yake, Jumapili, nilishindwa; nikapanga kumwambia Jumapili iliyofuata. Yeye akawahi, Jumatano alikuja juu na bili mkononi, amevaa koti la kazini na vitenge viwili juu yake.

"Mwanangu, soma hii. Ni mie peke yangu ama ni watu wote?"

Nikaisoma. Ilikuwa mara tatu ya bili aliyozoea. Alisimama mlangoni akinisubiri bila wasiwasi wowote, kama mtu anayemsubiri daktari wake.

"Ni watu wote, Mama," nikasema. "Mvua haijanyesha. Maji yamepungua."

"Aa." Uso wake ukafunguka, kwa sababu jambo hilo alilijua tangu utotoni; kwao umeme hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi. "Kama Ruzizi."

"Kama Ruzizi, Mama."

Siku nne kabla ya hapo watu walikuwa wamenicheka kwa upuuzi huohuo. Mimi nikauchukua nikampa yeye, nikijua kuwa mtu wa kwetu ataumeza bila kuuliza swali la pili. Mmarekani yeyote angeshangaa. Yeye alinishukuru akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

Akazima hita. Nilijua kwa miguu yangu, kwa sababu sakafu yangu ilikuwa ikipata joto kutoka kwake, na sasa nikiamka nilikanyaga baridi. Jumapili nilishuka nikamkuta amekaa mbele ya oveni ya gesi iliyo wazi, mikono imeelekezwa ndani. Alinipakulia sombe. Nikala. Jumapili iliyofuata nikala tena, naye alikuwa ameanza kukohoa.

Watu watadhani nilinyamaza kwa aibu ya barua tu. Laiti ingekuwa hivyo. Bei ya hisa zangu ilikuwa bado inanipendeza. Asubuhi nilifungua simu nikiwa nimesimama kwenye ile sakafu baridi, nikaona imepanda, na kitu ndani yangu kikafurahi kabla sijakizuia.

Bili ya pili ilipokuja, hakuniuliza kitu. Aliiweka mezani karibu na sahani yangu, akasema anafikiria kuomba zamu za usiku, kwa sababu hospitali kuna joto. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Nikasema, "Mama, ngoja tuwapigie, tuwaombe."

Tuliweka simu katikati ya meza. Binti wa kampuni alitaka kujua tarehe yake ya kuzaliwa, nikamtafsiria mama, naye akasema tarehe moja mwezi wa kwanza, tarehe waliyoandikiwa nusu ya watu wa kambi yake. Tukachagua mkataba wa miezi ishirini, bei isiyobadilika, chini ya nusu ya ile aliyokuwa akilipa. Kazi yote ilichukua dakika kumi. Baada ya kukata simu niliendelea kuangalia saa ya ukutani.

"Uliwaambia nini?" akauliza.

"Niliwaomba tu, Mama."

Jumapili akanipeleka kanisani kwake. Wakati wa ushuhuda alisimama, akanionyesha kwa mkono. "Munaona huyu? Jirani yangu, Mutanzania. Umeme ilikuwa inaniua. Huyu mutoto akawaomba wale wazungu mpaka wakapunguza." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame. Nilisimama, nikasema amina. Kisha mama akaomba kanisa liombee mvua, ili maji yajae na wengine nao washushiwe bei. Ukumbi mzima ukafumba macho, watu wazima waliochoka na kazi za maghala na viwanda, wakaliombea lile ziwa la samaki. Nami nilifumba macho.

Mwezi wa tatu niliuza hisa. Faida haikutosha hata matairi mawili. Nilimnunulia mama blanketi zito, akaliwekea mikono kuniombea. Mwezi wa tano nikahamia Houston. Niliwaambia watu nimepata kazi nzuri zaidi. Katika kuhama kwangu kote sijawahi kukosa sababu nzuri ya kuwasimulia watu.

Mwaka uliofuata, 2019, mvua za Houston zilikuwa nyingi kiasi cha kufunga barabara. Mwezi wa kumi mama akanipigia. Alikuwa amepiga picha barua ya kampuni ya umeme, akaituma kwenye simu yangu.

"Hapo Houston mvua inanyesha?" akauliza kabla ya yote.

"Inanyesha sana, Mama."

"Mungu mukubwa. Hapa pia ilinyesha kidogo. Kila siku niko naangalia mawingu. Basi mwaka huu umeme haitapanda."

Nilikuwa nimeegesha nje ya gereji, mvua inagonga paa la gari. Nikafikiria miaka yote miwili, yeye anatoka kazini, anainua uso kuangalia mawingu kwa sababu ya neno langu.

"Mama, mvua haihusiki na umeme wa huku. Haikuhusika hata mwaka ule. Barua uliyonipa sikuisoma. Mkataba wako ulikuwa umekwisha. Nilipojua, nilikudanganya, kwa sababu nilikuwa na hisa kwenye kampuni ile, na bei ikipanda nilikuwa napata."

Nilisikia maji yakichemka jikoni kwake.

"Baridi ile yote," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na sombe yangu ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Soma barua," akasema.

Nikasoma, neno kwa neno, ukurasa wa kwanza, wa pili, hata yale maandishi madogo ya chini, nikimweleza kila kipengele mpaka akasema ameelewa. Akachagua mwenyewe mkataba wa miaka miwili. Nikamuuliza kama anataka niwapigie. Akasema hapana, kanisani kuna binti wa Kirundi anajua Kiingereza, atawapigia yeye.

"Aksanti," akasema, akakata simu. Siku zote aliongeza neno mwanangu. Hakuna barua nyingine aliyonitumia.