Mama Zima

Kwenye chumba cha kompyuta wateja wanamwita msimamizi Mama Zima, na wala hakasiriki. Hupita nyuma ya viti akigusa mashine kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Akikuta yenye joto na isiyo na mtu, huizima: "Unamaliza betri bure, kazi hufanyi!" Wateja hucheka, eti mama huyu bahili hadi wa jua la paneli za paani. Leo wingu lilikuwa zito, na ghafla mtaa mzima ukakosa umeme. Binti aliyekuwa akimalizia maombi ya chuo akashika kichwa, "Nimekwisha!" Skrini yake ilikuwa bado inawaka. Mama Zima akamgusa paji la uso. "Tulia, mwanangu. Umekatika huko nje. Humu tunakula jua la jana."